Mwalimu wa Uraia Naye Afundishwe

Mama mwenzetu, huenda nawe umewahi kuwa na jioni ya namna hii. Sufuria iko motoni, mdogo analia, na mwanao wa darasa la tano anakuja jikoni na daftari mkononi. "Mama, Katiba ni nini?" Unamwuliza mwalimu amesemaje. Anakusomea alichonakili ubaoni: Katiba ni sheria mama. Basi, unamwambia, si umeshajibiwa? Lakini mtoto haondoki. "Mbona inaitwa mama?"

Kisa hiki tulisimuliwa na mama mmoja tukiwa tumekaa nje ya kanisa baada ya ibada. Sote tulicheka, isipokuwa yeye. Alisema kuwa kwa sababu hakuwa na jibu, alimtuma mtoto akamwulize mwalimu. Mtoto akauliza. Mwalimu akamwambia aandike kama ilivyo ubaoni, kwani ndivyo itakavyoulizwa kwenye mtihani. Tangu siku hiyo, mama yule alisema, mtoto hajauliza tena jambo lolote la somo lile. Hukariri tu, na alama zake ni nzuri.

Hapo kicheko chetu kiliisha. Mtoto mwenye alama nzuri ambaye ameacha kuuliza ni mzigo ambao wazazi wengi hatuujui, maana kadi ya maendeleo haiuonyeshi. Je, kosa ni la nani? Ni rahisi kumnyoshea mwalimu kidole. Lakini katika umoja wetu wa wanawake yumo mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, ambaye siku ile alikuwa amekaa pamoja nasi akisikiliza. Jina lake tunalihifadhi. Aliinamisha kichwa, kisha akasema polepole, "Hata mimi ningemjibu vivyo hivyo. Nilifundisha Uraia miaka tisa kabla sijaishika Katiba kwa mikono yangu."

MIAKA TISA BILA KITABU CHENYEWE

Tulishangaa, naye akatueleza. Chuoni alisomea zaidi hesabu na sayansi. Alipofika shuleni, mwalimu wa Uraia alikuwa amehamishwa, naye akapewa vipindi vile kwa sababu ndiye aliyekuwa na vipindi vichache. Wengi hudhani kwamba somo la Uraia mtu yeyote anaweza kulifundisha, eti ni maneno tu. Akapewa kitabu cha kiada kimoja na mitihani ya miaka iliyopita. Humo ndimo alimochota maji ya kuwanywesha watoto kwa miaka tisa.

Zaidi ya hayo, alisema, alikuwa na hofu. Mtoto akiuliza juu ya uchaguzi au juu ya haki za raia, mwalimu huogopa asije akaonekana anafanya siasa darasani. Asiyelijua jambo vizuri huliogopa, na anayeliogopa hulipita haraka. Kwa hiyo alipita haraka.

Tukumbuke pia kwamba somo lenyewe limebadilika mara nyingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa Siasa. Mwaka 1992 nchi iliporudi katika mfumo wa vyama vingi, somo la Siasa halikuweza kubaki lilivyokuwa, likaja Uraia. Baadaye katika shule za msingi likawa Uraia na Maadili. Kisha mitaala ikaboreshwa mwaka 2023 na kuanza kutumika kwa awamu Januari 2024, nalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili likawekwa, likifundishwa kwa Kiswahili. Kitabu hubadilika, jina hubadilika, lakini mwalimu ni yule yule. Asipofundishwa upya, atalifundisha somo jipya kwa mazoea ya zamani. Ni kama kushona kitambaa kipya kwa kipimo cha mtoto aliyekwisha kukua.

MAFUNZO YA ALHAMISI

Kilichombadilisha mwalimu huyu ni kikao kidogo cha walimu wenzake shuleni pale pale. Serikali kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mpango unaoitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Zamani mafunzo kazini yalikuwa na maana ya walimu wachache kuitwa mjini wiki moja, kulala kwenye bweni la chuo, kisha kurudi na vitini vilivyoishia kabatini. Mpango huu unataka walimu wajifunze hapo hapo shuleni, katika jumuiya za kujifunza, wakiongozwa na mwezeshaji aliye mwalimu mwenzao. Wa shule jirani hukutana katika ngazi ya kata, na vituo vya walimu navyo hutumika. Wenye simu au kompyuta hupata masomo mengine kwa njia ya intaneti.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Akina mama wenye umri wanakumbuka jinsi baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Walisikiliza masomo kwenye redio, walisoma vitini vilivyoletwa kwa posta, na wakufunzi waliwatembelea. Mwalimu kujifunza huku anafundisha ni desturi yetu.

Basi katika shule ya mwenzetu, walimu sita walianza kukutana kila Alhamisi baada ya vipindi. Walikuwa na nakala moja tu ya Katiba. Siku ya kwanza mwezeshaji hakutoa hotuba. Aliwaambia waifungue, kila mmoja asome ibara moja kwa sauti, kisha aieleze kwa maneno yake mwenyewe kana kwamba anamweleza mtoto wa darasa la tano. Kimya kilitanda. Watu wazima, wenye vyeti, walitazamana! Mwenzetu anasema aliona aibu, lakini ilikuwa aibu iliyomfaa.

WALIYOYAKUTA NDANI

Walianza na swali rahisi: Tanzania ilipata uhuru lini? Wanne wakajibu kwa pamoja, Desemba 9, 1961. Ndipo wakaanza kupanga tarehe ubaoni. Siku hiyo iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Hati za Muungano zilitiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume Aprili 22, 1964, na Muungano ukaanza Aprili 26. Jina la Tanzania lenyewe lilikuja baadaye, Oktoba 29 mwaka huo huo. Nchi yenye jina hilo haikuwako mwaka 1961.

Wakaendelea. Hati za Muungano zilitaja mambo 11 ya kushughulikiwa na Serikali ya Muungano. Leo orodha iliyo mwishoni mwa Katiba ina mambo 22. Ukimwambia mtoto akariri 22, atakariri. Ukimwuliza kwa nini polisi ni jambo la Muungano, lakini shule yake ya msingi haimo katika orodha hiyo, atafikiri. Hiyo ndiyo tofauti waliyoanza kuiona walimu wale.

Kisha wakafika kwenye elimu. Wote waliamini kwamba mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kushtakiwa kwa sababu Katiba inataja haki ya elimu. Ni kweli Ibara ya 11 inaitaja. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo na misingi ya uendeshaji wa nchi, na Ibara ya 7 inasema wazi kwamba mahakama haziwezi kulazimisha utekelezaji wa sehemu ile. Ni dira kwa Serikali. Kinachombana mzazi ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Haki ambazo mtu anaweza kuzidai mahakamani huanzia Ibara ya 12. Nazo hazikuwamo Katiba ilipotungwa mwaka 1977. Ziliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Walimu wale walikuwa wakifundisha haki hizo kana kwamba zilianguka pamoja na mvua.

Alhamisi ya tatu ndipo mwenzetu alipopata jibu la swali la mtoto. Liko katika Ibara ya 64, ibara ndogo ya tano. Katiba ina nguvu ya sheria katika Jamhuri nzima, na sheria nyingine yoyote ikipingana nayo, basi kwa kadiri inavyopingana, sheria hiyo ni batili. Sheria zote ni kama watoto waliozaliwa humo. Mtoto hawezi kuivunja kanuni ya mama yake akabaki na haki ya kutawala nyumba. Ndiyo maana inaitwa sheria mama.

SHERIA ILIPOGOMBANA NA MAMA YAKE

Je, jambo hilo lina maana gani kwetu tunaolea mabinti? Lina maana kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, lakini iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama iliweza kuruhusu hata miaka 14. Kwa muda mrefu wengi wetu tuliliona jambo hilo kama hali ya dunia. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliifungua Katiba akaona kwamba Ibara ya 12 na ya 13 zinasema watu wote ni sawa na sheria isibague. Akaenda Mahakama Kuu. Julai 2016 Mahakama hiyo ilitamka kuwa vifungu vile vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo.

Mwenzetu alikipeleka kisa hiki darasani. Alikuwa amekijaribu kwanza mbele ya walimu wenzake siku ya Alhamisi, nao wakamkosoa: anaongea sana, hajawapa watoto nafasi. Akapanga upya. Aliandika ubaoni ibara moja na kifungu kimoja, akawaambia watoto waseme vinakubaliana au vinagombana. Anasema msichana mmoja anayekaa nyuma, ambaye hakuwahi kunyosha mkono mwaka mzima, alisimama akasema, "Vinagombana, mwalimu, kwa sababu mimi na kaka yangu si tumezaliwa na mama mmoja?"

Mama msomaji, tafakari sauti ile ya nyuma ya darasa. Binti anayejua kwamba kuna maandishi makubwa yanayomlinda hadanganywi kwa urahisi na posa ya mapema, wala na mtu mzima anayemwambia kwamba hana la kusema. Na kijana wa kiume aliyesikia somo lile ataoa siku moja. Atakuwa mume wa namna gani? Mbegu yake imepandwa pale.

EZRA NA WALAWI

Wapo kati yetu wanaodhani kuwa mambo haya ni ya wanasiasa, hayatufai sisi watu wa maombi. Hebu tufungue kitabu cha Nehemia, sura ya 8. Watu wamerudi kutoka uhamishoni, mji umejengwa upya, na jambo wanalolitaka ni kusomewa torati. Wanakusanyika wanaume kwa wanawake na wote wawezao kusikia na kufahamu. Ezra anasimama juu ya mimbari ya mti anasoma. Walawi wanapita kati ya watu wakiwaeleza maana, hata wakayafahamu yaliyosomwa. Kusoma hakukutosha, ilibidi pawe na walimu wa kufafanua.

Mara nyingi tunaishia hapo katika mahubiri. Lakini soma mstari wa 13. Siku ya pili yake, wakuu wa jamaa pamoja na makuhani na Walawi walimrudia Ezra ili wayaangalie vizuri zaidi maneno ya torati. Wale wale waliokuwa wakifundisha jana, leo wamekaa chini kujifunza. Hawakuona haya. Na walipojifunza waligundua amri ya kukaa katika vibanda ambayo ilikuwa imesahauliwa vizazi vingi. Walimu waliporudi kwenye maandishi yenyewe, taifa lilikumbuka jambo lililokuwa limepotea.

Katiba si Neno la Mungu, na hatuilinganishi nalo. Lakini njia ya kujifunza ni moja. Hata Mtume Paulo, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi bila kuhukumiwa. Aliujua uraia wake, na ujuzi huo ulimwokoa na mapigo.

SISI MAMA TUFANYE NINI?

Tusiseme hii ni kazi ya Serikali na walimu peke yao. Yapo mambo ambayo sisi wazazi, pamoja na baba wa nyumba zetu, tunayaweza.

1. Tuulize kwa upole. Kwenye kikao cha wazazi tumezoea kuuliza habari za michango na uji wa watoto. Tuongeze swali moja: Je, walimu wa Historia na Maadili wanakutana kujifunza pamoja? Wanapungukiwa na nini? Mwalimu akijua kwamba wazazi wanalithamini somo lake, naye hulithamini.

2. Tulinde muda wao. Mara nyingine watoto hurudi mapema siku ya mafunzo, nasi tunalalamika kwamba walimu ni wavivu. Saa moja ya mwalimu kujifunza ni chakula cha mtoto cha wiki nzima. Tusiinung'unikie.

3. Tununue kitabu. Katiba iko kwa Kiswahili, nayo huuzwa katika duka la vitabu vya Serikali. Kikundi cha akina mama kinachochangiana vyombo vya harusi hakishindwi kuipatia shule yake nakala tano. Katika umoja wetu tulifanya hivyo, na walimu sita hawasongamani tena kwenye kitabu kimoja.

4. Tusome nyumbani. Baada ya sala ya jioni, siku moja kwa wiki, someni ibara moja na watoto. Ina ibara 152, kwa hiyo hamtakosa cha kusoma! Anzeni na zile za haki, kuanzia ya 12, kisha zile za wajibu zinazofuata. Mtoto ajue kuwa haki na wajibu ni mapacha.

5. Tuishi mbele yao. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Humo husomwa mapato na matumizi. Ni wangapi kati yetu tunaohudhuria? Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto kuwa raia mwema ikiwa mama yake hajawahi kuonekana kwenye mkutano.

6. Tusizime swali. Ukiwa hujui, sema, "Sijui mwanangu, tutafute pamoja." Hakuna aibu katika neno hilo. Aibu ni kumfundisha mtoto kwamba kuuliza ni utovu wa adabu.

Neno moja la tahadhari. Kumtaka mwalimu aijue Katiba hakuna maana ya kumtaka awe mpiga kampeni. Darasa si mahali pa kuvutia watoto kwenye chama chochote, na mwalimu aliyefundishwa vizuri ndiye anayejua mpaka huo uko wapi. Anayevuka ovyo na anayeogopa kufika karibu, wote wawili ni kwa sababu hawajaonyeshwa mpaka.

MTOTO AKAULIZA TENA

Mwalimu wetu hakutaka kisa cha mtoto yule kiishie pale nje ya kanisa. Si mwanafunzi wake, wala si wa shule yake, lakini alimwomba mama yake amlete nyumbani Jumamosi moja. Alimketisha mkekani, akafungua Katiba kwenye Ibara ya 64, akamwambia asome mwenyewe. Kisha akamweleza habari za sheria mama na watoto wake. Mtoto alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe. Sasa mama wa Katiba ni nani?"

Mwalimu akacheka mpaka machozi. Alimwambia kwamba swali hilo hata yeye lazima alipeleke kwa wenzake Alhamisi. Nao, anatuambia, walikaa nalo saa nzima, wakafungua Ibara ya 8 inayosema kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kwao.

Wananchi, yaani sisi. Mama anayepika, mama anayefundisha, na mtoto mwenye daftari. Bwana atupe hekima ya Loisi na Eunike waliomlea Timotheo, tuwalee watoto wanaouliza, na tuwasaidie walimu wao wasiogope kujibu.